Mwanangu kaambiwa alete karatasi za babu yake: tufanyeje?

Swali la msomaji: "Mimi ni Mhindi wa Mombasa. Nimezaliwa Mji wa Kale, na mamangu na babangu vilevile. Babu yake babangu alikuja kwa jahazi kutoka Kutch. Mwanangu ametimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho pamoja na wenzake wa shule. Wenzake walimaliza siku ile ile. Yeye akaambiwa alete karatasi za babu yake, zinazoonyesha aliupataje uraia. Tulipouliza sababu, tukajibiwa, 'Nyinyi ni lazima.' Kijana amerudi nyumbani ananiuliza, sisi ni wa wapi? Tufanyeje, na nimwambie nini?"

Jibu:

Dada yangu, pole, na kijana mpe pole yangu. Nianze na jambo litakalokupunguzia mzigo nusu: uraia wa mwanao hautoki kwa babu yake. Unatoka kwako wewe na kwa baba yake. Kifungu cha 14(1) cha Katiba ya Kenya kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au ng'ambo. Neno zito hapo ni "au". Mzazi mmoja anatosha. Na akitokea wa kuwaambia kwamba kijana alizaliwa kabla ya Katiba hii kuanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, kifungu cha 14(2) kimeshamjibu: sheria hiyo inawahusu pia waliozaliwa kabla yake.

Basi msingi wa ombi lake ni vitu viwili: cheti chake cha kuzaliwa chenye majina yenu, na kitambulisho cha mmoja wenu. Kitambulisho chako wewe ni hati ya serikali inayosema kwamba serikali yenyewe ilishakuchunguza ikakukubali. Anayekitilia shaka ndiye mwenye kueleza shaka yake imetoka wapi. Hata hivyo bebeni vya wazazi wote wawili, asilia pamoja na nakala, na mmoja wenu aandamane naye hadi dirishani. Ikiwa upande mmoja wa familia una karatasi zilizonyooka zaidi, tangulizeni upande huo. Familia nyingi hung'ang'ana na ukoo wa baba kwa mazoea tu, na huku karatasi za mama ziko kamili kabatini.

Lakini nisikufiche. Sheria ya usajili wa watu inampa afisa ruhusa ya kudai ushahidi zaidi anapotaka kuhakikisha ukweli wa alichoambiwa. Kwa hivyo kudai tu si kosa. Kosa ni kumdai mmoja na kumwacha mwenzake kwa sababu ya rangi ya ngozi au jina. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza serikali kumbagua mtu kwa misingi ya rangi, kabila au asili, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. "Nyinyi ni lazima" ni sentensi inayogusa kifungu hicho moja kwa moja, na mngeiandika siku ile ile, na tarehe, na nambari ya dirisha, mngekuwa na kitu cha kushika. Kama hamkuiandika, iandikeni leo mkiwa bado mnakumbuka ilikuwa saa ngapi na nani alikuwepo.

Mnapaswa kujua vilevile kwa nini babu anatajwa, maana swali lenyewe lina historia. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, si kila aliyekuwa hapa aligeuka raia usiku ule. Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akiwa pia mzaliwa wa Kenya, alikuwa raia papo hapo, mradi siku ya kuamkia uhuru awe raia wa Uingereza na makoloni yake, au mtu aliyekuwa chini ya himaya ya Waingereza. Maneno hayo ya mwisho yana maana kubwa kwa watu wa Mombasa. Mji huu ulikuwa ndani ya ule mwambao wa maili kumi uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, kwa hivyo wazaliwa wengi wa hapa hawakuwa raia wa koloni. Walikuwa watu wa himaya. Aliyezaliwa hapa wakati wazazi wake wote wawili walizaliwa ng'ambo alipewa miaka miwili ajiandikishe, mpaka Desemba 1965, na alitakiwa aukane uraia mwingine. Wapo waliojiandikisha, wapo waliosita, na wapo walioshikilia pasipoti za Uingereza kisha wakaondoka miaka ya mwisho ya sitini. Ndiyo maana afisa akiona jina la Kihindi huwaza, "Huyu ni wa waliojiandikisha au wa waliokataa?"

Hesabu ya familia yako ni njema. Ikiwa babu wa kijana alizaliwa Mombasa na mmoja wa wazazi wake alizaliwa hapa pia, hakuhitaji kujiandikisha, na hana cheti cha uandikishaji cha kuonyesha. Mnadaiwa karatasi ambayo kisheria haikuwahi kuhitajika! Mkiulizwa, jibu si "tumeipoteza." Ukisema mmeipoteza, umekubali kwamba ilikuwepo. Jibu ni: "Alikuwa raia tangu siku ya uhuru, kwa sababu yeye na mzazi wake walizaliwa hapa, na vyeti vyao vya kuzaliwa ni hivi." Tofauti ya majibu hayo mawili imewagharimu watu miaka.

Sasa karatasi zenyewe. Hata kama sheria haiwadai zote, zikusanyeni, maana mkiwa na mnyororo kamili mtoto huyu na wadogo zake hawatasumbuka tena, kwa kitambulisho wala kwa pasipoti. Mnataka cheti cha kuzaliwa cha kila kizazi mpaka kwa babu, na cha baba au mama wa babu kama kinapatikana. Mnataka vyeti vya ndoa, kwa sababu ndivyo vinavyoeleza kwa nini mwanamke ana jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye kitambulisho. Vitambulisho vya zamani msivitupe hata vikichakaa. Kwa bibi msishangae mkikosa kitambulisho cha miaka ya sitini: kabla ya 1978 wanawake hawakuwa wakiandikishwa, kwa hivyo kwake tafuteni cheti cha ndoa, pasipoti ya zamani au hati ya nyumba. Daftari la jamaati, yaani jumuiya yenu ya ibada, nalo lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Jamaati nyingi za Mombasa ziliandika kuzaliwa, ndoa na mazishi ya watu wao, na barua ya katibu yenye muhuri, ikitaja ukurasa na mwaka, husaidia sana pale cheti cha serikali kinapokosekana. Ongezeni rekodi za shule, barua za kazi za bandarini au reli, stakabadhi za kodi ya ardhi. Kila moja peke yake ni dhaifu, lakini zikipangwa kwa miaka zinaonyesha familia ambayo haikuhama.

Mahali ambapo mnyororo hukatika zaidi ni kwenye majina. Tandazeni karatasi zote mezani usiku mmoja na msome herufi kwa herufi. Mtakuta babu ni "Mohamed" kwenye cheti cha kuzaliwa, "Mohammed" kwenye cheti cha ndoa, na "Muhammad" kwenye hati ya nyumba. Mtakuta "Abdulrehman" neno moja mahali, na "Abdul Rehman" maneno mawili mahali pengine. Mtakuta karani wa zamani kaandika jina la mtu, la babake na la babu yake, kwa desturi ya Kiislamu, kisha kizazi kilichofuata kikaanza kutumia jina la ukoo, la babu likapotea. Kwa mwanafamilia hao ni mtu mmoja. Kwa afisa hao ni watu watatu.

Dawa yake inategemea kosa. Herufi ikitofautiana kwenye karatasi za mtu aliyefariki, mzee wa familia anayemjua aape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, akitaja kila tahajia kama ilivyoandikwa na kila karatasi inamoonekana, na kusema wote ni mtu mmoja. Isiseme tu "majina yote ni ya babangu." Itaje karatasi kwa nambari. Kosa likiwa kwenye cheti cha mtu aliye hai, afadhali lirekebishwe kwa msajili wa vizazi na vifo kuliko kuzunguka na kiapo maisha yote. Na ikiwa mtu anatumia jina jingine kabisa, hapo kiapo hakitoshi. Inatakiwa hati ya kubadilisha jina, itengenezwe na wakili na itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Fanyeni haya kabla ya kurudi dirishani. Kiapo kinacholetwa baada ya afisa kugundua kosa huonekana kama kisingizio, hata kikiwa cha kweli.

Kuhusu kuhifadhi, hewa ya Mombasa ni adui wa karatasi. Chumvi na unyevu hula wino, na wadudu hula gundi ya mikunjo. Wekeni kila karatasi kwenye mfuko wake wa plastiki usiobana, ndani ya faili ngumu, mbali na ukuta wa nje. Msizipeleke kutiwa laminesheni! Joto huyeyusha wino wa mihuri ya zamani, na afisa hawezi tena kupapasa muhuri wala kuona nyuma ya karatasi, kwa hivyo huikataa. Pigeni picha pande zote mbili, maana mara nyingi nyuma ndiko kwenye sahihi na tarehe ya kutolewa. Na asilia ya kitu chochote cha kabla ya uhuru isibaki dirishani bila stakabadhi. Onyesheni asilia, acheni nakala.

Mkirudi, nendeni mapema, na kijana aongee mwenyewe. Mombeni afisa kwa adabu aandike anachokidai na sheria anayoitumia. Wengi hapo hulegea, kwa sababu kusema ni rahisi na kuandika kuna sahihi. Asipoandika, andikeni nyinyi. Barua iwe ukurasa mmoja: jina la mwombaji, tarehe mliyofika, karatasi mlizotoa, kilichosemwa, kisha sentensi hii: "Kwa mujibu wa kifungu cha 47 cha Katiba na sheria ya 2015 ya hatua za haki za kiutawala, naomba sababu za maandishi za kutoshughulikiwa kwa ombi langu." Chapeni nakala mbili. Moja ibaki afisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo ni sawa na barua isiyoandikwa. Kuanzia siku ya muhuri wana miezi mitatu ya kutoa sababu, na wasipotoa, mahakama ikija kulisikiliza jambo hilo huchukulia kwamba hawakuwa na sababu nzuri.

Msingoje miezi mitatu mkiwa mmekaa. Ikiwa mnataka kujua faili la kijana limekwama wapi, ombeni habari chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Likikosekana, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman. Kwa upande wa ubaguzi wenyewe, nendeni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Tume zote mbili zina afisi Mombasa na hazitozi chochote. Mombasa ina pia mashirika ya haki za binadamu kama Muhuri na Haki Africa, ambayo yameshughulika na mambo ya vitambulisho vya watu wa Pwani kwa miaka. Mahakama Kuu iwe ya mwisho, ingawa mjue kwamba kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kufungua kesi ya haki za kimsingi hakutozwi ada. Gharama ni ya wakili.

Kuna mambo matatu ambayo yakifanyika yataharibu hata haki mliyo nayo. La kwanza ni dalali wa langoni anayesema atapitisha karatasi kwa pesa. Mara nyingi hujaza maelezo asiyoyajua, na kosa lake ndilo litakalokuwa kwenye mfumo kwa jina la mwanao. La pili ni kuomba upya kaunti nyingine kana kwamba hajawahi kuomba. Alama za vidole zitakutana, na hapo ombi la pili linaonekana kama udanganyifu na la kwanza linagandishwa. La tatu, baya kuliko yote, ni kuazima mzazi: kumwandikisha kijana kama mtoto wa jirani mwenye jina lisiloulizwa maswali. Hilo ni kosa la jinai, na linamkata kijana na urithi wa baba yake halisi. Wanaofanya hivyo husukumwa na uchovu, nawaelewa, lakini hakuna njia rahisi ya kurudi.

Watu wataleta pia habari ya kabila la 44. Julai 2017 serikali ilitangaza kuwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Lilikuwa jambo jema, na kwenye fomu za kazi zinazouliza kabila mwanao aandike bila kusita kwamba yeye ni Mkenya wa asili ya Kiasia; asiandike "mengineyo." Sheria ya serikali za kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti, na hesabu hiyo haiwezi kumfikia mtu aliyejificha kwenye "mengineyo." Lakini tangazo lile halikuwapa uraia. Mlikuwa nao. Msikubali kuambiwa nyinyi ni Wakenya tangu 2017.

Wala msidhani mko peke yenu. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wa asili ya Kiasia zaidi kidogo ya 47,000, na wa asili ya Kiarabu kama 59,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Dirisha lile lile limewarudisha Washihiri, Wabulushi na Wasomali. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikizwa. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa jinsi ilivyowanyima utambulisho. Mkiwa na malalamiko, tafuteni majirani wenye kisa kama chenu na mpeleke pamoja. Ombi la familia moja ya Kihindi husomwa kama shida ya Mhindi mmoja. Maombi kumi yenye majina ya Kihindi, Kiarabu na Kipemba husomwa kama mwenendo wa afisi.

Mpaka kadi itoke, kijana atembee na karatasi ya kusubiria atakayopewa, na picha yake kwenye simu. Akisimamishwa na polisi asibishane na asikimbie. Akikamatwa, ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata kama muda huo unaishia mahakama ikiwa imefungwa. Mfundishe kuuliza nambari ya OB (daftari la matukio la kituo cha polisi) kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa lile swali lake. Mwambie nyinyi ni wa hapa, lakini usimwachie maneno matupu, mpe majina. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alisimama Nairobi mwaka 1950 akadai uhuru wa nchi hii hadharani, na Waingereza wakamfungia mbali na watu wake mpaka 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa, alipigania nchi hii na akauawa kwa risasi Februari 1965. Hao hawakuomba kukubaliwa kwanza ndipo wafanye kazi ya nchi. Mpeleke pia akaone majina ya ukoo wenu kwenye makaburi na kwenye daftari la jamaati, aguse miaka yenyewe kwa kidole.

Na kuna sehemu inayowahusu nyinyi wenyewe, dada, ambayo wengi hawapendi kuigusa. Neno "Mhindi" likitamkwa Marikiti si tusi, ni utambulisho, kama "Mdigo" au "Mkamba." Kinachouma ni sauti. Basi sikiliza na sauti ya nyumbani kwenu. Msichana anayefua na mzee anayelinda lango wanafahamu Kikachi, lugha yenu ya Kutch, zaidi ya mnavyofikiri, na wanajua wanaitwaje wakigeuza mgongo. Kijana akikua anasikia "watu hawa" dukani na mezani, atakuwa na swali la yeye ni wa wapi hata akiwa na kadi mfukoni. Ahudhurie baraza la chifu, akae kwenye benchi, aseme Kiswahili chake cha Mvita bila haya, ajiandikishe kupiga kura. Chifu na wazee wa mtaa wanaomjua kwa sura na kwa salamu ndio watakaosema "huyu ni wetu" siku afisa atakapouliza, na neno hilo haliombwi siku ile ya shida, hujengwa kabla.

Wadogo zake nao uwaangalie mapema. Kuzaliwa kunatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi sita. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye maswali mengi. Kama kuna mtoto katika ukoo ambaye ana kadi ya kliniki tu, mfanyieni cheti mwezi huu, na majina yake yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho vya wazazi.

Anzeni na ile meza ya karatasi, kisha barua. Aiandike kijana kwa mkono wake, wewe umsomee tahajia.